Lekcha ya saa 8 inanishinda, nifanyeje?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka vyuoni, nimezisoma zote usiku mmoja na ukiziunganisha unaona zinalalamikia sehemu ileile ya siku, yaani zile dakika kati ya lekcha ya asubuhi na lekcha ya mchana. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, na najua wako wengi wa namna hiyo wanaokaa kimya.

SWALI: Dada habari za kazi. Mi niko mwaka wa kwanza. Jumanne na Alhamisi naanza lekcha saa 2 asubuhi namaliza saa 11 jioni, katikati nina dakika 40 tu za kula na hapo ujue foleni ya kafteria inakula dakika 20 nzima, nakula mbiombio kama mtu anayefukuzwa afu nakimbilia lekcha ya saa 8. Nikishakaa tu kwenye kiti macho yanakuwa mazito, namsikia lekchara kama anaongea chumba cha pili, nikishtuka ameshafuta ubao mara mbili. Nikaona labda ni chakula, nikaacha kabisa kula mchana, wiki mbili sasa, bado nasinzia na kichwa kinauma juu yake. Wenzangu wako macho wanaandika. Naanza kuona kichwa changu hakikuumbwa kwa ajili ya chuo. Nisaidie dada yangu.

JIBU: Mdogo wangu, hiyo sentensi yako ya mwisho naomba tuifute kabla hatujaenda popote. Kichwa chako kizima kabisa, na wewe mwenyewe umeshafanya jaribio zuri ila hukusoma majibu yake: umeacha kula wiki mbili na usingizi umekuja vilevile saa ileile. Maana yake chakula peke yake hakikuwa mchawi. Mwili una saa yake ya ndani, ndo hiyo inayokulaza usiku na kukuamsha asubuhi, na hiyo saa ina bonde kubwa usiku wa manane na bonde dogo mchana, kuanzia kama saa 7 hadi saa 9 hivi. Watu wamechunguzwa kwenye vyumba maalumu bila mlo wa mchana, bila saa ukutani, na bado uchangamfu ukashuka muda huohuo. Kwa hiyo yule aliyepanga lekcha ya saa 8 amekupangia kwenye bonde, na hao wenzako unaowaona wako macho ukiwaangalia vizuri nusu yao wanapigana vita hiyohiyo, wewe huwaoni kwa sababu na wewe uko vitani.

Sasa, chakula kinaingiaje hapo. Kinalichimba bonde liwe refu zaidi au kinaliacha lilivyo. Mlo mkubwa wenye mafuta mengi na wanga mwingi, tena uliobugiwa kwa dakika kumi, unakuongezea uzito juu ya usingizi ambao tayari ulikuwa unakuja. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba ukishiba damu yote inahamia tumboni ubongo unabaki mkavu, hiyo siyo kweli, mwili unaulinda sana mtiririko wa damu ya ubongo na hauachii kirahisi hivyo. Kinachobadilika zaidi ni sukari kwenye damu na zile homoni za tumbo zinazouambia ubongo tumeshiba, tupumzike. Na kuacha kula siyo dawa, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote unayotumia ukiwa umetulia, afu wewe unauingiza kwenye lekcha mbili za mchana na tumbo tupu tangu asubuhi. Kichwa lazima kigome.

Ninachokushauri ni kuugawa huo mlo. Kula kitu asubuhi kabla ya saa 2, hata kidogo. Kama kuna dakika 10 kati ya lekcha ya pili na ya tatu, pale saa 4 hivi, weka kitu mdomoni, tunda, karanga, yai, chochote kinachokaa kwenye begi bila kumwagika, ili ukifika saa 7 uwe na njaa ya kawaida, siyo ile njaa ya kufanya mtu apakue mlima. Mchana chukua sahani ya wastani, punguza wanga kidogo, ongeza mboga na kitu chenye protini, maji ya kutosha. Na jitahidi kukaa na hiyo sahani dakika 15 au 20 hata kama chakula ni kidogo, kwa sababu taarifa ya kushiba inachelewa kufika kichwani, ukila haraka unapitiliza kiasi bila kujua na utajua saa 8 na robo ukiwa darasani.

Baada ya hapo, na hili naliamini kuliko yote niliyosema, toka nje. Usitoke kafteria ukaingia moja kwa moja kwenye ukumbi wenye pazia na projekta. Tembea dakika 5 kwenye mwanga wa jua, mwanga ndo unaiambia ile saa ya ndani kwamba bado ni mchana. Mimi nilipokuwa chuo nilikuwa na lekcha ya takwimu muda kama huo wako, nilikuwa nasinzia mpaka kalamu inachora mstari mrefu mpaka pembeni ya karatasi, siku moja nikamfuata lekchara nikamwomba aniruhusu nisimame nyuma ya ukumbi nikizidiwa. Alinitazama muda, akasema simama. Muhula mzima nilikuwa nasimama robo saa ya kwanza nimeegemea ukuta, daftari mkononi, afu nakaa. Wengine wakaanza kuja kusimama pia. Muulize wa kwako, mbaya zaidi atakachofanya ni kukataa.

Kahawa inasaidia ila ijue inavyofanya kazi. Ukiwa macho kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kwenye ubongo na ndo inayokuletea uzito wa usingizi, kafeini inaenda kukaa kwenye kiti cha adenosini, haiiondoi. Inachukua kama nusu saa hivi kushika vizuri, kwa hiyo kunywa ukimaliza kula, usisubiri mpaka uanze kusinzia. Na nusu ya ile uliyokunywa bado iko mwilini baada ya kama saa 5, ndo maana mtu anayekunywa kikombe saa 11 jioni apate nguvu ya kusoma anajikuta saa 4 usiku anahesabu mbao za dari. Ukiwa na pengo la kutosha siku nyingine, lala dakika 10 mpaka 20, weka alamu, usizidishe nusu saa maana utaamka umelewa usingizi na lekcha utaiona nzito kuliko kama usingelala.

Na usiku unalala saa ngapi? Hukuniambia. Umri wako unahitaji usingizi wa saa 7 mpaka 9 kila usiku, na ukidaiwa usingizi wa usiku deni linakuja kudaiwa palepale kwenye bonde la mchana. Najua siyo uvivu, kwenye umri wa kama miaka 20 saa ya mwili huwa imechelewa kuliko umri mwingine wowote wa mtu mzima, usingizi unakuja usiku sana afu lekcha ya saa 2 haikusubiri. Jaribu hata kuvuta nusu saa nyuma, Jumatatu na Jumatano usiku tu, uone Jumanne na Alhamisi zinakuwaje.

Halafu hilo la foleni. Dakika 20 kati ya 40 kusimama tu, hiyo inanikasirisha kwa niaba yako. Kuna mambo mawili, la kwanza tafuteni watu watatu mnaoaminiana, mmoja siku hiyo anawahi anashika foleni anawachukulia wote, kesho mwingine. La pili mwambieni mwakilishi wa darasa apeleke hoja kwa wanaopanga ratiba, kwa maandishi, kwamba kundi zima lina dakika 40 kuanzia lekcha hii hadi ile na kafteria ina foleni ya dakika 20. Ratiba inapangwa na mtu mwenye vyumba na majina ya kozi mbele yake, mara nyingi hajui kabisa kwamba ameua mlo wa watu mia mbili. Akiambiwa, pengine anaweza kusogeza kipindi nusu saa tu na maisha yenu yakabadilika.

SWALI: Anti, mi ili kukwepa hiyo foleni ya mchana napika usiku, naacha kwenye sufuria, asubuhi napakia kwenye kontena natoka saa 12, nakuja kufungua saa 7 na nusu mchana. Mwezi huu tumbo limenisumbua mara mbili na mara zote ni siku nilizobeba. Mwenzangu ananiambia nikikipasha moto tu hakuna shida, wadudu wanakufa. Ni kweli?

JIBU: Siyo kweli, na tafadhali acha kuanzia leo. Shirika la Afya Duniani wana ushauri wao kuhusu usalama wa chakula na moja ya mambo wanayosema ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au kiwe cha baridi chini ya nyuzi 5. Chako kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 7 na nusu ni saa 7 na nusu kamili, na hapo sijahesabu usiku mzima kwenye sufuria, jumla unakula chakula kilichokaa nje karibu saa 17. Kupasha moto kunaua bakteria wengi ni sawa, lakini wako wanaoacha sumu ndani ya chakula, hasa kwenye wali na vyakula vya wanga vilivyokaa nje, na ile sumu moto wa jikoni hauiondoi. Bakteria amekufa, alichokiacha kipo palepale.

Ukimaliza kupika usiku toa cha kesho kabla hujaanza kula, kiweke kwenye chombo kipana kipoe haraka kiingie kwenye friji. Asubuhi kipashe mpaka kitokote, chukua chupa ya chakula ile inayotunza joto, ijaze maji yanayochemka dakika 5, mwaga, ndo uweke chakula. Hivyo ndivyo inavyobaki ya moto mpaka mchana, watu wengi wanaruka hiyo hatua ya maji afu wanalaumu chupa. Huna friji wala hiyo chupa? Basi beba vitu visivyoharibika, matunda ambayo hayajamenywa, karanga, mkate, na chakula cha kupikwa ukile jioni kikiwa kimetoka jikoni.

SWALI: Dada yangu, mimi ni mzazi. Binti yangu yuko chuo mwaka wa pili, nikimpigia mchana hapokei, jioni ananiambia mama sikuwa na muda hata wa kula. Nikiangalia hiyo ratiba aliyonitumia naona vipindi vinne tu kwa siku, siku nyingine vitatu. Sisi tulisoma shule vipindi vinane. Ananidanganya?

JIBU: Mama, shikamoo. Hakudanganyi, ile ratiba aliyokutumia ndo inayokudanganya, inaonyesha saa za kukaa darasani peke yake. Chuo kinahesabu tofauti na shule. Hesabu iliyozoeleka vyuo vingi ni kwamba kila saa 1 ya lekcha ina saa kama 2 za kusoma mwenyewe nyuma yake, kwa hiyo vipindi vinne vya saa mojamoja siyo saa 4, ni 12. Weka na semina, maabara, asaimenti ya kundi ambayo watu watano wanatafutana siku nzima ni lini wote wana nafasi, na mara nyingi nafasi inayopatikana ni hiyo ya mchana wakati wa kula. Ndo simu yako inakuta yuko kwenye kikao na sahani haijaguswa.

Ningekuwa wewe ningeacha kupiga saa 7. Mtumie ujumbe usiku, umuulize swali moja tu, leo mchana umekula nini, usiulize umekula au hujala, maana hilo atajibu ndiyo mama nimekula na mazungumzo yameisha. Akianza kutaja chakula chenyewe utajua mengi, na siku asipokuwa na cha kutaja utajua pia.

SWALI: Mambo vipi dada. Kwetu darasani karibu wote wanataipu notisi kwenye laptopu, mi bado naandika kwa mkono na naachwa sana, lekchara anaongea kama redio. Ninunue laptopu? Na pia nikirudi usiku nikisoma nilichoandika nakuta ni kama kiliandikwa na mtu mwingine, sielewi kitu, wakati darasani nilikuwa naelewa kabisa.

JIBU: Maswali yako mawili ni swali moja, na la pili ndo lenye uzito, ila ngoja tuanze na kasi. Mtu akiongea kawaida anatoa maneno 120 mpaka 150 kwa dakika. Mkono wa mtu mzima anayeandika haraka unatoa labda 20 au 30. Kwa hiyo lazima uachwe, kila mtu anaachwa, na anayetaipu naye anaachwa ila kwa umbali mdogo. Sasa huyo anayeachwa kidogo anapata tamaa ya kukimbiza kila neno, wewe ambaye huna matumaini unalazimika kuchagua nini kiandikwe na nini kiachwe, na kuchagua huko ndo kufikiri kwenyewe. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Mueller na Oppenheimer, walilinganisha makundi hayo na wakaona wanaotaipu waliandika maneno mengi zaidi, neno kwa neno, ila kwenye maswali ya kueleza dhana walikuwa nyuma ya walioandika kwa mkono. Waliorudia utafiti ule miaka ya baadaye hawakupata tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo sikwambii laptopu ni mbaya. Nakwambia usinunue kwa sababu ya kuachwa.

Ila kaa mbele. Kuna jaribio lingine la mwaka 2013 lililofanyika Kanada, wanafunzi waliokaa mahali wanapoona skrini ya mwenzao anayeperuzi mambo yake walifanya vibaya kwenye mtihani, alama zao zilikuwa chini kama asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuona skrini yoyote, na hao wenyewe hawakuwa wameshika laptopu! Wanaandika kwa kalamu kama wewe, macho yao tu yalikuwa yanaibiwa. Ukikaa mstari wa mbele hakuna skrini mbele yako zaidi ya ile ya lekchara.

Sasa hilo la kurudi usiku usielewe. Mjerumani mmoja aliitwa Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa miaka akikariri silabi zisizo na maana afu anaangalia zinapotea kwa kasi gani, akaona kusahau kunakimbia sana mwanzoni, ndani ya saa ya kwanza sehemu kubwa imeshakwenda, baadaye kunapunguza mwendo. Lekcha ina maana kwa hiyo haipotei haraka kama silabi zake, lakini umbo ni hilohilo, mteremko mkali mwanzoni. Tuseme lekcha yako ilikuwa saa 4 asubuhi, umekuja kufungua daftari saa 3 usiku, ulichobaki nacho ni vifupisho vya mtu aliyekuwa anakimbizwa.

Kwa hiyo fanya hivi, na ni dakika 5 tu. Lekcha ikiisha, kabla hujasimama, kabla hujashika simu, geuza daftari ukurasa mweupe, usiangalie ulichoandika, andika unachokumbuka. Sentensi nne, tano, mchoro, mshale, hata kama umekosea. Afu ndo ufungue notisi zako ujaze palipobaki wazi na uweke alama ya kuulizia pale usipoelewa, wakati lekchara pengine bado yuko mbele anakunja nyaya zake na unaweza kumfuata. Hii siyo kujifurahisha. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu wasome, wengine wakarudia kukisoma, wengine wakakifunika wakaandika wanachokumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Wiki moja baadaye waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, walioandika kwa kukumbuka asilimia 56. Ukirudia kusoma unajisikia unajua, ndo hatari yake, unajisikia vizuri usiku ule na kwenye tesiti unakuta mikono mitupu.

Kama unaweza, gawa karatasi yako kabisa kabla ya lekcha, chora mstari wa wima uache sehemu nyembamba kushoto na kipande chini. Kulia unaandika wakati wa lekcha, kushoto unaandika maswali baadaye, chini unafupisha kwa maneno yako. Mtindo huu ulianzia Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1950, na ni mzuri kwa sababu unakulazimisha kurudi. Ile sehemu ya kushoto ikibaki nyeupe unaiona, inakusuta.

Na kitu kimoja cha kuongezea kwa sababu najua mkishatoka lekcha wote mnatoa simu. Mwaka 2012 watafiti wa Edinburgh waliwasimulia wazee hadithi fupi mbili, baada ya moja wakawaacha wapumzike dakika 10 macho yamefungwa kwenye chumba kimya, baada ya nyingine wakawapa mchezo wa kutafuta tofauti kwenye picha. Siku 7 baadaye ile hadithi iliyofuatwa na ukimya ndo waliikumbuka zaidi. Walikuwa wazee, wewe ni kijana, siwezi kukuahidi matokeo yaleyale. Lakini kutoka lekchani mpaka kwenye foleni ya chakula simu ikiwa mfukoni, hupotezi kitu ukijaribu.

SWALI: Dada naomba usitaje hata mwaka ninaosoma. Mimi sina mtu wa kula naye. Nikitoka lekcha naona wanaondoka wawili wawili, watatu watatu, mimi najifanya napanga vitu kwenye begi mpaka waishe. Kafteria siwezi kuingia peke yangu, naona kama kila mtu ananiangalia. Nilianza kwa kwenda maktaba bila kula, siku hizi nakula biskuti chooni nimefunga mlango, dakika 10, natoka. Sijamwambia mtu. Nyumbani wanajua nina marafiki wengi. Nisipoona jibu nitajua hii barua ilikuwa ya kijinga.

JIBU: Haikuwa ya kijinga hata kidogo. Niliisoma mara tatu, ya tatu nikatoka nje kidogo, nikarudi nikaandika hili jibu kabla ya mengine yote ya safari hii.

Mpenzi, nakuomba utoke huko chooni. Si kwa sababu ya aibu, ni kwa sababu pale ndipo mahali pachafu kuliko pote pa kulia chakula, na kwa sababu ukishajifungia mlango kila siku mlango unakuwa mzito kufungua. Tuanze na kitu kidogo kuliko kafteria. Chuo chochote kina ngazi, kina benchi chini ya mti, kina korido yenye dirisha, kina darasa tupu saa 7 mchana. Kesho kula hicho hicho unachokula ila mahali penye mwanga na hewa. Peke yako, sawa, hakuna aliyekwambia lazima uwe na mtu. Wiki nzima iwe hivyo tu, usijidai zaidi.

Kuhusu kuangaliwa, wanasaikolojia wameliangalia hili. Mwaka 2000 Gilovich na wenzake pale Cornell waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji waliyeona aibu kuivaa, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria karibu nusu ya watu wameiona. Walioiona kweli walikuwa kama robo. Yaani hata ukiwa umevaa kitu cha kukuaibisha, macho yaliyo juu yako ni pungufu kabisa ya unayoyahesabu, sasa sembuse mtu anayekula tu? Yule aliye meza ya pili anafikiria asaimenti yake na foleni ya kurudisha sahani, na mezani kwao wale watatu pengine mmoja anatamani angekaa kimya peke yake.

Marafiki wa chuo mara nyingi hawapatikani mezani, wanapatikana dakika 2 za mwisho za lekcha. Wiki ya pili, chagua lekcha moja, ile unayoielewa zaidi. Kaa kiti kilekile kila mara, karibu na mtu yuleyule, usiseme kitu. Watu huzoeana kwa kuonana tu mara kwa mara. Wiki ya tatu lekcha ikiisha muulize kitu cha lekcha, amesema ukurasa wa ngapi, umeelewa ule mfano wa mwisho? Ni swali linalojibika kwa sentensi moja kwa hiyo hakuna anayebanwa. Akijibu na kuondoka, umeshashinda, kesho yake utamsalimia. Siku atakayobaki dakika moja zaidi, mwambie naenda kula, unaenda? Sema ukiwa umesimama tayari na begi begani, ili hata akisema hapana, leo siwezi, wewe ulikuwa unaondoka hata hivyo na unaendelea na safari yako.

Atakataa mmoja, pengine wawili, najua itauma. Lakini kama inafika mahali huli siku nzima, au hulali, au asubuhi unashindwa kabisa kutoka kitandani, basi usisubiri wiki ya tatu. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, vyuo vingi vinayo, mwambie hayahaya uliyoniandikia, ukishindwa kuongea mpe karatasi asome. Na kwa nyumbani, mchague mmoja tu, yule asiyepiga kelele, umwambie ukweli.

Usitaje jina, usitaje chuo, ila nitumie barua nyingine. Niambie umekula wapi.